Saa ya kidonge na saa ya chakula: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: "Nikimeza dawa hii, niache kula nini?" Mara nyingi jibu siyo kuacha. Jibu ni kujua saa, kujua kiasi, na kutobadili mambo ghafla. Tumechagua barua tisa. Tunaposema "mwambie anayekutibu", tunamaanisha kabla hujabadili dawa, si baada ya kuibadili.

Swali: Shikamooni. Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki nilipewa vidonge vya damu, lakini kwa wiki sita damu imepanda kutoka 9.1 hadi 9.4 tu. Navimeza asubuhi na chai ya maziwa ili tumbo lisiniume. Tena najiongezea foliki asidi ya dukani, vile vidonge vidogo vya njano. Na niseme ukweli, udongo nakula. Nakosea wapi?
*Msomaji, Korogwe*

Jibu: Marahaba, dada. Umefanya vizuri kulitaja la udongo, maana wengi hulificha na huku ni sehemu ya jibu.

Tuanze na chai. Majani ya chai yana tanini, kile kile kinachoacha doa la kahawia ndani ya kikombe. Tanini ikikutana na madini ya chuma tumboni huyakamata, na yanatoka na choo bila kuingia kwenye damu. Kikombe kimoja cha chai pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Maziwa nayo yana kalsiamu, inayokizuia chuma kupita. Udongo unafanya kazi kama ya tanini: chembe zake hushika chuma. Juu ya hayo, udongo usiochomwa vizuri unaweza kubeba mayai ya minyoo, na minyoo ya safura hunyonya damu ile ile unayohangaika kuijenga. Kwa hiyo kidonge unakimeza kila siku, lakini kinachofika kwenye damu ni kidogo sana.

Hamisha kidonge. Kimeze katikati ya asubuhi au jioni, saa mbili baada ya kula, kwa maji na nusu glasi ya juisi ya chungwa au ubuyu. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri saa moja hadi mbili. Tumbo likichafuka, kimeze usiku baada ya chakula chepesi kisicho na chai wala maziwa. Utapoteza kiasi fulani cha chuma, lakini ni afadhali kuliko kuacha kabisa. Choo kitakuwa cheusi, na hiyo ni kawaida. Ukipata choo kigumu, ongeza maji, papai na mboga.

Muulize mkunga kuhusu dozi pia. Kidonge cha kila siku cha wajawazito huwa na miligramu 60 za chuma kwa ajili ya kinga. Ambaye damu yake tayari iko chini ya 11 kwa kawaida huhitaji miligramu 120 kwa siku mpaka ipande. Muulize kama umeshapewa dawa ya minyoo na kupimwa malaria.

Sasa hivyo vidonge vya njano. Kidonge cha kliniki tayari kina foliki asidi miligramu 0.4, na inatosha. Vile vya dukani mara nyingi ni miligramu 5, zaidi ya mara kumi. Shida ni ile SP unayomezeshwa kliniki kukinga malaria. SP huua vimelea kwa kuwakatia njia ya kutumia foliki. Ukimeza foliki nyingi unawarudishia kile ambacho dawa imewanyima, na kinga inapungua nguvu. Kwa hiyo acha kujiongezea. Wapo wanaoandikiwa miligramu 5 kwa sababu maalumu, kama wenye selimundu, wanaotumia dawa za kifafa, au waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Hao wasiache, ila wamkumbushe mkunga kila wanapofika kwa SP.

Na vidonge vya damu viweke juu, mbali na watoto. Kwa mtoto mdogo vichache tu vinaweza kuua, na rangi yake huwavutia kama pipi.

Swali: Nilibadilishwa vali ya moyo na natumia warfarini. Nilivyotoka hospitali niliacha mboga za majani zote kwa kuogopa. INR, kile kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikatulia 3.0. Nikaenda msibani kijijini wiki tatu, huko kila mlo ni kisamvu na matembele. Nimerudi nikapimwa, 1.6. Je, niziache tena?
*Msomaji, Songea*

Jibu: Pole kwa msiba, kaka. Hapana, usiziache. Kosa lilianza pale ulipoziacha mwanzo.

Warfarini huzuia ini kutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Mboga za kijani kibichi ndizo zenye vitamini K kwa wingi: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga, sukuma wiki. Dozi yako ilipangwa wakati mwili hauna vitamini K ya kutosha, kwa hiyo dozi ndogo ilitosha. Ulipofika kijijini ukaanza kula mboga mara mbili kwa siku, dozi ile ile ikazidiwa. INR ya 1.6 kwa mwenye vali ya chuma ni hatari ya kweli: damu inaweza kuganda kwenye vali na bonge likapanda hadi kwenye ubongo. Kama hujarudi kliniki tangu upate jibu hilo, nenda leo, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Kadi yako ina kiwango unachotakiwa kuwa nacho. Wengi ni kati ya 2 na 3, na baadhi ya wenye vali za chuma hupangiwa 2.5 hadi 3.5.

Warfarini haitaki ukose mboga. Inataka mboga zisibadilike. Chukua upawa mmoja wa jikoni kwako uwe kipimo: upawa mmoja wa mboga ya majani iliyoiva kila siku, iwe jumatatu, iwe sikukuu, iwe msibani. Waambie kliniki kwamba unarudia mboga ili wakupime baada ya wiki moja na kupanga dozi juu ya mlo huo. Kabichi ina kiasi cha kati. Nyanya, karoti, vitunguu na biringanya hazina neno. Unga wa mlonge uuhesabu kama mboga iliyokaushwa na kusindiliwa: kijiko kimoja ni majani mengi. Usiuanze wala kuuacha kimya kimya.

INR hupotoka kwa upande wa pili pia, na huko ndiko watu wanakovuja damu. Ukiumwa homa au kuhara ukakaa siku tatu huli, inapanda. Ukiandikiwa Septrin au metronidazoli, inapanda, tena sana, kwa hiyo kila anayekuandikia antibayotiki aone kadi yako kwanza. Vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi vilivyokolezwa tunashauri uviache, ila kitunguu saumu cha kuungia mchuzi hakina shida. Diklofenaki, aibuprofeni na aspirini usizinunue kabisa. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na ukiihitaji kila siku kwa zaidi ya siku chache, waarifu kliniki, maana nayo ikiendelea inaweza kuipandisha INR.

Meza kidonge jioni, saa ile ile. Ukisahau ukakumbuka kabla siku haijaisha, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya kawaida, usimeze mbili. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zisizokoma kutoa damu, au kichwa kuuma baada ya kuanguka: hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Mwanangu ana miaka minne, kilo 16. Alipewa mseto kwa malaria. Kwa sababu hataki kula, nilimpa dawa na maji matupu na uji mwepesi wa sembe. Amemaliza jana, leo homa imerudi. Dawa ni bandia?
*Mama, Geita*

Jibu: Pole sana, mama. Mrudishe kituoni leo apimwe tena, na usinunue dozi nyingine mwenyewe. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akilegea au akishindwa kunywa, usisubiri hata saa moja.

Dawa bandia zipo, lakini kuna sababu iliyo karibu zaidi. Mseto una dawa mbili ndani. Ya kwanza, artemeta, huua vimelea wengi haraka na kuisha mwilini kwa saa chache. Ya pili, lumefantrini, ndiyo inayobaki siku kadhaa kumalizia waliosalia. Hii lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inahitaji mafuta. Bila mafuta sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka. Homa inashuka kwa kazi ya ile ya kwanza, mama anafurahi, na baada ya siku kadhaa vimelea wanarudi.

Mafuta yenyewe siyo mengi: kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta, vijiko kadhaa vya uji uliotiwa karanga zilizosagwa, nusu parachichi au yai. Anayenyonya anyonyeshwe mara baada ya dawa. Kidonge unaweza kukisaga kwenye maji kidogo. Akitapika ndani ya saa moja, mrudishie dozi ile, kisha nenda ukaombe vidonge vya kufidia.

Saa nazo hukosewa sana. Kwa kilo 16 ni vidonge viwili kila mara, mara sita. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, si kesho asubuhi. Ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri. Ya tatu ni saa 2 usiku huo unaofuata, kisha kila baada ya saa 12. Ile ya alfajiri ndiyo inayorukwa, kwa sababu mtoto amelala na mzazi anamwonea huruma. Mwamshe.

Swali: Asalaam aleikum. Nina miaka 58, nina kisukari na presha. Natumia metformini, glibenklamidi na atenololi. Nimeshauriwa nitembee, basi natoka baada ya swala ya alfajiri kabla ya chai, dakika arobaini. Mara mbili nimetokwa na jasho la baridi na kuchanganyikiwa maneno, ila moyo haukwenda mbio wala mikono haikutetemeka. Mke wangu hunipa juisi ya karela kila asubuhi. Je, niache kutembea?
*Mzee, Likoni*

Jibu: Waaleikum salaam, mzee wetu. Usiache kutembea, badili saa. Uliyoyaeleza ni sukari iliyoshuka, na ilishuka vya kutosha kukuangusha barabarani.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini iwe umekula au hujala, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini hadi siku nzima. Alfajiri umeshakaa saa kumi bila chakula. Unaongeza matembezi, ambayo huifanya misuli ivute sukari kutoka kwenye damu. Karela nayo inaweza kushusha sukari. Vyote vinavuta upande mmoja. Atenololi ndiyo inayoficha kengele: inazuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, ila jasho haiwezi kulizuia. Kwa hiyo kwako wewe jasho la baridi ndilo onyo. Ukiliona, simama.

Tembea baada ya kula. Dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo zinafaa sana, maana ndipo sukari inapopanda. Kwa wiki lengo ni dakika 150, na usikae siku mbili mfululizo bila kutembea. Kasi yako usiipime kwa mapigo ya moyo, atenololi itakudanganya. Ipime kwa mazungumzo: uweze kuzungumza, usiweze kuimba.

Pima sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5.0, kula kwanza kitu kidogo, ndizi moja au kipande cha mkate. Mfukoni beba sukari, si tende moja tu wala mandazi, kwa sababu mafuta ya mandazi huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Dalili zikianza au mashine ikisoma chini ya 4, kunywa nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, au vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula chenyewe, vinginevyo itashuka tena kabla hujafika nyumbani. Wafundishe wa nyumbani kwamba ukizimia wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali.

Siku ya kulima ni siku ya mazoezi makubwa kuliko matembezi, na sukari inaweza kuendelea kushuka mpaka usiku. Pima kabla ya kulala.

Mweleze daktari matukio yote mawili na hiyo karela. Kwa umri wako, na hasa kama figo zimeanza kuchoka, kuna dawa za jamii hiyo hiyo zisizoshusha sukari kwa ukali huo, kama gliklazidi. Karela ya kupika kwenye mchuzi kula. Juisi ya kila siku iache mpaka dozi ipangwe upya. Na ukikaribia Ramadhani, nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla, siyo siku ya kuandama mwezi.

Swali: Nina presha, natumia losartani na spironolaktoni. Niliambiwa dafu linashusha presha, nami nakunywa matatu kwa siku. Chumvi nimebadili, natumia ile ya wenye presha ya supamaketi. Ni sawa?
*Msomaji, Bagamoyo*

Jibu: Si sawa, dada, ingawa nia ni njema. Potasiamu husaidia presha, hilo ni kweli kwa mtu mwenye figo nzima asiyetumia dawa zako. Losartani na spironolaktoni zote mbili huzuia potasiamu kutoka na mkojo. Maji ya dafu yana takriban miligramu 250 za potasiamu kwa kila mililita 100, kwa hiyo madafu matatu yanakupa gramu 2 hadi 3 juu ya chakula chako. Ile chumvi ya wenye presha kwa kawaida ni kloridi ya potasiamu iliyochanganywa na chumvi ya kawaida. Milango ya kutokea umeifunga kwa dawa, na huku unamimina kwa pande mbili.

Potasiamu ikizidi haiumi. Pengine utahisi misuli kulegea, pengine hutahisi kitu mpaka mapigo ya moyo yavurugike. Acha hiyo chumvi na madafu kuanzia leo, endelea na dawa, na wiki hii kapime potasiamu na kreatinini, kipimo cha figo. Kiwango cha kawaida cha potasiamu ni 3.5 hadi 5.0. Ukihisi moyo unarukaruka au miguu haina nguvu, nenda leo hii. Majibu yakiwa mazuri, dafu moja moja si haramu, ila lipangwe na anayekutibu. Ndizi na parachichi za kawaida hatukukatazi kama figo ni nzima.

Presha ishushe kwa kupunguza sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Watu huhesabu chumvi wakasahau magadi. Magadi na baking powda vyote vina sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda kina sodiamu sawa na zaidi ya gramu 3 za chumvi, na kuna nyumba maharage na kisamvu haviivi bila hiyo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Ng'onda na dagaa wa chumvi uwaloweke, ubadilishe maji mara mbili, halafu usitie chumvi tena kwenye mchuzi.

Swali: Natumia livothairoksini kwa tezi iliyolala. Nameza na chai ya maziwa asubuhi. Dozi inaongezwa kila nikienda.
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Huenda dozi haina kosa. Kimeze kwa maji matupu, kisha ungoje dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, kahawa au chakula chochote. Kalsiamu, vidonge vya damu na dawa za kiungulia vikae mbali kwa saa nne. Kama asubuhi zako ni za mbio, meza wakati wa kulala, saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Ukibadili utaratibu mwambie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu dozi iliyokuwa inapotea sasa itaingia yote na inaweza kuwa kubwa mno. Pima TSH, kile kipimo cha damu cha tezi, baada ya wiki sita hadi nane.

Swali: Nina jongo la kidole gumba cha mguu. Nimeacha nyama na maharage, bado linarudi. Presha natumia haidroklorothayazaidi. Bia nakunywa wikiendi tu.
*Msomaji, Arusha*

Jibu: Rudisha maharage, kaka, hayana lawama wanayobebeshwa. Bia ndiyo ya kuacha kwanza, kwa sababu huongeza asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo, na pia huzuia figo kuitoa. Soda zenye sukari zinafuata, kisha maini, figo, utumbo na dagaa. Nyama kiasi cha kiganja chako mara chache kwa wiki inavumilika.

Lakini tazama pia kidonge chako. Haidroklorothayazaidi hupandisha yuriki. Muulize daktari kama unaweza kuhamia losartani, ambayo huishusha kidogo. Usikiache mwenyewe, presha italipuka. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe. Punguza uzito polepole, maana kufunga kwa nguvu huamsha jongo. Ukipewa alopurinoli, huanza miligramu 100 na kupanda taratibu, na shambulio likija usiisimamishe. Kitu kimoja tu ndicho kinachoisimamisha mara moja: vipele mwilini. Hapo acha, nenda hospitali. Mazoezi siku ya maumivu hapana, pumzisha mguu.

Swali: Natumia dawa za kufubaza virusi, TLD, kidonge kimoja usiku. Sasa nimegundulika na kisukari, nimepewa metformini miligramu 1000 mara mbili. Rafiki ameniletea vidonge vya kalsiamu na madini mchanganyiko. Navimeza vyote pamoja usiku nisisahau.
*Msomaji, Mbeya*

Jibu: Asante kwa kuuliza, na hongera kwa kutoruka dawa. Mambo mawili yabadilike.

Ndani ya TLD kuna dolutegraviri. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki huishika tumboni isiingie mwilini. Meza TLD saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Vidonge vya kalsiamu au vya chuma vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo tu ni katikati ya mlo kamili. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hazina ruhusa hiyo, kwake saa zile zishikwe. Rahisi zaidi: madini asubuhi, TLD usiku.

La pili ni zito zaidi. Dolutegraviri hupunguza uwezo wa figo kuitoa metformini, kiasi chake kwenye damu kinapanda. Kwa mtumiaji wa TLD kwa kawaida metformini haizidi miligramu 1000 kwa siku nzima, na wewe unameza 2000. Nenda CTC, yaani kliniki inayokupa TLD, au kliniki ya kisukari kesho ukiwa na dawa zote mbili mkononi, dozi ipangwe upya. Inawezekana waliokuandikia moja hawakujua nyingine. Ukianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kulegea sana, usingoje kesho. Metformini imeze katikati ya chakula tumbo lisichafuke. Ukiitumia miaka mingi na miguu ikaanza kufa ganzi, omba kipimo cha vitamini B12 kabla ya kusema ni sukari, kwa sababu dawa hii hupunguza B12, nayo hupatikana kwenye mayai, maziwa, samaki na nyama tu.

Swali: Je, ni kweli balungi haliendi na dawa ya kolesteroli? Nikilila asubuhi na dawa nikameza usiku?
*Msomaji, Leicester, Uingereza*

Jibu: Ni kweli kwa simvastatini, na kwa kiasi fulani atovastatini. Balungi huzima kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa, na utumbo huchukua siku moja hadi tatu kukitengeneza upya. Ndiyo maana kutenganisha asubuhi na usiku hakusaidii. Dawa ikirundikana inakula misuli: maumivu ya mapaja na mabega yasiyo na sababu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Ukiona hayo acha dawa, nenda hospitali siku hiyo. Danzi nalo, hata la kwenye mamaledi, lina kitu hicho hicho. Machungwa ya kawaida hayana. Kama balungi hulikosi kwenye meza yako, omba rosuvastatini au pravastatini, haziguswi nalo.